Pasi ya Watu Wawili

Tugun, Gold Coast
4 Juni

Verna,

Habari za huko kwenu kwenye ng'ombe wanaolala barabarani. Mimi mzima, ni goti la kushoto tu linalonung'unika. Baridi ya hapa imeingia mpaka nimeitoa kabatini ile sweta uliyosema hata mbwa angeikataa.

Nakuandikia kwa jambo la kikazi. Kingfisher, ile bustani yetu ya michezo, wametangaza punguzo la Juni la pasi za kuingilia za mwaka mzima, mwisho tarehe thelathini. Nimelibandika tangazo kwenye friji, na kila nikifuata maziwa linanitazama. Miaka ishirini na sita niliingia bustani ile kwa mlango wa nyuma na spana mfukoni, sikulipa hata siku moja. Tangu nistaafu sijakanyaga. Sasa nimeshikwa na hamu ya kuingia kwa mlango wa mbele kama mtu. Je, pasi inafaa kununua, au ni kutupa hela? Wewe ndiye uliyekaa dirishani ukiziuza miaka yote hiyo. Hakuna wa kuniambia ukweli kama wewe.

Iko ya mtu mmoja, na iko ya watu wawili, ambayo ni nafuu kuliko kununua mbili mbalimbali. Hiyo ya wawili inataka majina mawili na picha mbili, na ukishaandikisha jina halibadilishwi. Colleen wa nyumba ya pili ameshanunua yake na wajukuu, na kila tukikutana klabuni ananihimiza nisichelewe.

Uliondoka kwa wiki sita, Verna. Mwezi ujao inatimia miaka mitatu. Sikulaumu, dada ni dada. Lakini ule mlimau wako ulioniachia kwenye ndoo umekuwa mti wa kweli, na mimi limau silipendi. Huyo dada yako Girlie anaendeleaje? Akipata nafuu utarudi lini?

Ningepiga simu, ila unajua masikio yangu niliyaacha kwenye mashine. Kwenye simu watu wote wananisikikia kama redio isiyoshika stesheni. Barua naisoma mara nne na haichoki kunijibu.

Ni mimi,
Lindsay


Anson Bay, Kisiwa cha Norfolk
13 Juni

Bwana Spana,

Usishangae hilo jina. Hapa kila mtu ana jina lake la utani, hata kwenye kitabu cha simu tumeandikwa hivyo hivyo, na dukani wamenisikia nikikutaja mara nyingi wakaamua nawe usikose. Barua yako ilichelewa kwa sababu ndege ya Brisbane ilizunguka juu ya mawingu nusu saa, ikaona haiwezekani, ikageuza na mzigo wetu wote tumboni.

Girlie hajambo. Anakula, analala, anabishana. Tarehe nane, sikukuu ya kisiwa, tulikwenda pikiniki ya Kingston na ukoo mzima, kavaa gauni lake jeupe na kofia ya majani, akala ndizi za kuoka mpaka nikaficha sahani.

Sasa sikiliza, maana nakupa siri ya ofisi. Nilikuwa na kanuni yangu pale dirishani, hata meneja hakuijua. Mtu akija kutaka pasi ya mwaka, namwambia, "Haya mpenzi, nitajie siku tatu utakazokuja." Sitaki "tutakuja tu, tunakaa karibu." Nataka siku yenye jina: mtoto anatimiza miaka mitano, shemeji anakuja kutoka Perth. Pasi inajilipa siku ya tatu, kabla ya hapo umetupa hela. Siku ya kwanza kila mtu anayo, mtoto ameshamvuta mkono. Ya pili wanaipata wakikuna kichwa. Kwenye ya tatu ndipo watu wazima huanza kutazama dari. Asiyekuwa nayo nilimkatia tiketi ya siku moja. Walininunia dakika mbili, kisha wakaingia wakafurahi zao.

Kwa hiyo hata wewe hupiti hivi hivi. Nitajie siku tatu. Na usinidanganye, nimeshadanganywa na mabingwa.

Habari ya kurudi, acha kwanza baridi hii iishe, tutaona.

Wako wa dirishani,
Verna


Tugun
19 Juni

Verna,

Nimekaa mezani na kalenda kama mtoto anayefanya mtihani. Haya.

Siku ya kwanza: Jumatano moja ya Julai, shule zikishafunguliwa na hakuna foleni. Nataka kusimama karibu na farasi wa mbao wa kuzunguka nifumbe macho niwasikilize. Ile beringi ya chini nilikuwa naipaka grisi kila Jumatatu asubuhi, na kijana niliyemwachia kazi ana haraka. Kama inalia nitaisikia, kwa sauti zile masikio yangu bado yanafaa.

Siku ya pili: tarehe tatu Novemba, natimiza sabini na mbili. Mwenye pasi anapewa pai na kahawa bure siku yake. Pai yao ilikuwa mbaya, lakini ya bure nitaila.

Siku ya tatu siiandiki. Unaijua. Na ndiyo pekee inayonifanya niitazame ile ya watu wawili.

Nijibu mapema, punguzo linakwisha tarehe thelathini.

Lindsay


Anson Bay
11 Julai

Lindsay,

Nisamehe kuchelewa, najua tarehe thelathini imepita. Wiki mbili upepo, ndege mbili hazikutua, na nyumbani kulikuwa na shughuli.

Siku yako ya tatu nimeijua bila kuambiwa. Ni tarehe tisa Septemba, siku uliyomwoa Joyce. Kila mwaka alikuja bustanini ukiwa kazini, ukavua ovaroli, mkapanda wale farasi, yeye upande wa nje na viatu mkononi. Dirisha langu lilitazama pale pale. Nilikuwa nafurahi kwa ajili yenu, karibu kila mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama hujachelewa, ni huu: ya mtu mmoja inakufaa, siku tatu unazo. Ya watu wawili usinunue. Joyce ameshapumzika, na jina lake kwenye kadi litakuumiza kila ukilitoa mfukoni. Ukiona upweke siku hiyo, fuatana na Colleen. Mwanamke anayekuhimiza hivyo hatakataa.

Girlie hajambo. Mvua tu.

Verna


Tugun
18 Julai

Verna,

Barua yako nimeipata leo na nimeketi kuijibu kabla sijavua viatu.

Nilishanunua. Tarehe ishirini na tisa Juni nilichoka kumngojea postamasta, nikanunua ya watu wawili. Jina la kwanza langu. Jina la pili ni lako. Picha nimekata ile ya sherehe ya kukuaga, ambapo umefumba jicho moja na una keki mdomoni. Binti wa kaunta yao ya mjini aliuliza kama sina picha nyingine. Nikamwambia hiyo ndiyo inayofanana nawe kuliko zote.

Sasa nikuweke sawa, maana umekosea na kosa ni langu, niliona aibu kuandika. Joyce nilimpenda na sijaacha. Tarehe tisa Septemba nampelekea maua makaburini, nakaa naye, narudi nyumbani. Farasi wale sina haja ya kuwapanda bila yeye. Na Colleen, Mungu amsaidie, ananihimiza kwa sababu kila anayeleta mnunuzi mpya anapewa mwezi mmoja wa ziada.

Siku ya tatu ni siku utakayoshuka kwenye ndege. Hiyo ndiyo siku. Haina tarehe kwa sababu tarehe unayo wewe, nami nimekuwa naisubiri tangu ile Jumapili niliyokupeleka uwanjani na masanduku mawili. Nilikusaidia kuyabeba, nikakuambia "basi haya," nikarudi kwenye gari nikakaa mle hadi mlinzi wa maegesho akaja kunigongea kioo. Sikusema neno kwa sababu ulisema wiki sita, na mtu hawezi kujiaibisha kwa ajili ya wiki sita.

Nakukumbuka, Verna. Asubuhi nikichemsha maji nakukumbuka. Nikiona mtu anagombana na mashine ya maegesho nakukumbuka. Nimekuwa nakuuliza habari za pasi, na pasi yenyewe hata sina haja nayo.

Kuna jambo moja la masharti. Kila jina lazima lifike lenyewe getini kabla ya Septemba kwisha, kadi yake iwashwe. Lisipofika, linafutwa.

Njoo.

Lindsay


Anson Bay
2 Agosti

Lindsay wangu,

Barua yako nimetembea nayo siku sita. Niliisomea mwambani kule juu, kwa sababu ndani siwezi kulia, Girlie ananiiga, tukianza wawili hatunyamazi.

Nilikudanganya. Sikukudanganya jambo moja, nilikudanganya kila barua, nikiandika "Girlie hajambo" na kuweka nukta. Ile pikiniki ya Kingston alikula kweli ndizi, na alivaa kweli gauni jeupe. Kisha akanivuta mkono akaniuliza ni harusi ya nani, na mbona bwana harusi haonekani. Watu wote pale ni ndugu zake, Lindsay. Alizaliwa nao. Mwaka jana alikuwa anasahau birika jikoni, mwaka huu anasahau mimi. Jua likishuka ananiita mama, ananiomba ruhusa ya kwenda kulala kwa rafiki ambaye tulimzika zamani. Zile wiki mbili ambazo sikukujibu, upepo ulikuwepo, lakini pia alitoka na viatu vya kulalia, na kijiji kizima kikamtafuta na tochi. Alikutwa amekaa na ng'ombe, ametulia kuliko sisi.

Hapa hatuna mahali pa kumweka mtu kama yeye ila kumpeleka bara, na nimeshaona anavyokuwa akikaa kwenye chumba asichokijua. Anaujua mpera wa uani. Anaujua mlango wa jikoni, njia ya bombani, na sauti yangu hata asipojua mwenyewe ni nani. Nikimtoa hapa sitakuwa nimemtunza, nitakuwa nimemwondolea hata hivyo vichache.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu maadamu sijaandika, nilikuwa bado mtu anayerudi. Nilikuwa nalala na ile hesabu yangu: baridi ikiisha, mvua ikiisha, Krismasi ikipita. Nikikuandikia kwamba sirudi, basi nitakuwa sirudi kweli. Sasa nimeandika.

Na kwa vile leo ni siku ya kusema: miaka ile dirishani, ukipita na toroli lako la grisi, nilikuwa nahesabu chenji upya hata kama ilikuwa sawa, nisije nikainua uso. Joyce alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa na kazi ngumu kuliko yako.

Siwezi kuja kabla ya Septemba kwisha. Siwezi kuja hata baada yake, siku yoyote niitajayo itakuwa siku ya kumtakia Girlie kufa, nami sitaki kuwa na siku kama hiyo kwenye kalenda yangu. Nawe ndege hupandi. Miaka yote umeishi Tugun zinapita juu ya bati lako na wewe unatazama chini. Ndivyo tulivyo, mzee wangu.

Verna


Tugun
12 Agosti

Verna,

Nilikasirika. Nakuambia ili na mimi nisifiche. Nilikasirika kwa siku nzima na nusu, nikaosha gari ambalo halikuwa chafu. Miaka mitatu ungeniandikia "Girlie mgonjwa, nimechoka," mistari miwili tu, nami ningejua nimtumie nani salamu gani. Badala yake nilikuwa nakuletea habari za limau.

Kisha nilikwenda Kingfisher. Jumatano, kama nilivyokutajia, ila Julai ilishanipita. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikaigusisha kadi yangu getini, taa ikawaka kijani. Dirisha lako hawana tena, wameweka mashine tatu za kugusa na kidole. Nilisimama kuangalia familia moja ikinunua. Mashine haikuwauliza kitu. Baba alibonyeza pasi nne za mwaka kwa sekunde kumi, na mama alikuwa anamtazama kama mtu anayejua watakuja mara moja.

Beringi inalia. Nilimwita kijana nikamwambia, akacheka, akaweka sikio, akaacha kucheka. Nilikaa kwenye benchi mpaka walipokaribia kufunga. Nilifikiri ningeona raha kuwa pale. Kila nilichokitazama nilitaka kukuambia, hata wale bata wanaoiba chipsi, na hakukuwa na wa kumwambia. Nilikuwa mzee mwenye kadi mbili mfukoni.

Sijui niandike nini tena. Unalala saa ngapi? Nani anakaa naye ukienda dukani?

Lindsay


Anson Bay
21 Agosti

Lindsay,

Nalala akilala, naamka akiamka. Ukitaka kujua ni saa ngapi, mwulize yeye. Dukani nakwenda Ijumaa, mke wa mchungaji anakuja kukaa naye kwa muda wa saa moja, na Girlie anamfukuza kwa adabu.

Hasira yako nimeipokea, ni haki yako. Jina langu liache lifutwe, usiende kubishana na watoto wa getini. Usiniulize tena tarehe, nakuomba. Kila nikiona mwandiko wako kwenye bahasha moyo unaruka, kisha nakumbuka kwamba ndani yake kuna swali. Niandikie mengine. Niandikie mvua imenyesha, sweta imetoboka. Hayo nitayaweza.

Juzi Girlie alinijua. Alikuwa anamenya viazi, akainua kichwa akasema, "Verna, wewe si ulikuwa na maisha yako?" Nikamwambia ninayo. Akasema, "Yako wapi?" Nilitafuta la kumjibu, na nilipolipata alikuwa ameshaondoka tena, mikono tu ndiyo imebaki kwenye viazi.

Nakukumbuka sana. Nimeona nikuandikie wazi mara moja.

Verna


Tugun
1 Septemba

Verna,

Mvua imenyesha. Sweta imetoboka kiwiko. Hayo uliyoomba nimeyaandika, sasa nisikilize, na safari hii sina swali.

Barua yako ya juzi niliisoma uani. Ndege ilipita juu wakati nasoma, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba hii nikainua uso. Miaka mitatu nimekaa hapa nakuuliza lini utakuja, kama kwamba njia ile inapitika upande mmoja tu. Mimi fundi, nimeshindwa kuona jambo la wazi hivyo. Wewe huna nafasi ya kuondoka. Mimi ninayo, na nilichokuwa nakikosa ni ujasiri.

Naogopa ndege kwa sababu najua boliti. Nimefungua na kufunga boliti maisha yangu yote na najua inavyolegea, inaanza kidogo, kila mtu anacheka, halafu siku moja inachomoka. Daktari amenipa kidonge cha kutuliza moyo na kusema nisinywe na bia. Nitakaa kiti cha katikati nisione mbawa. Nimemweleza binti yangu Kerrie, yeye ndiye atakayehamia nyumba hii, maana amepanga kwa watu. Alinikumbatia, akaniuliza kama nimeshauriana nawe. Nikamwambia nikishauriana nawe utanikataza kwa heshima, nami nitatii, maana nakujua.

Jana nilikwenda kwa wakala. Msichana akaniambia kwenda na kurudi ni nafuu, mzee, tofauti ndogo sana, na ya kurudi inaweza kubadilishwa siku yoyote. Alinieleza mara mbili kwa upole, akiona nina utu uzima. Nilimwambia nimemwelewa, akate ya kwenda tu.

Naondoka Jumanne tarehe kumi na mbili, baada ya kumpelekea Joyce maua yake na kumweleza. Usije uwanjani, usimwache Girlie, nitauliza njia dukani. Nitalala chumba chochote, hata stoo. Najua kuoka viazi, najua kufunga kitasa ambacho mtu hawezi kukifungua akiwa na viatu vya kulalia, na saa za jua kushuka huwa sina kazi.

Mwambie Girlie kwamba kuna mtu anakuja kukaa. Akisahau, mwambie tena. Nikifika na akaniuliza mimi nani, nitamjibu, na kesho yake akiuliza nitamjibu.

Lindsay